Ukadiriaji wa Gharama: Mshindi wa Kesi ya Kiwanja Hulipwa Nini?

Hukumu nyingi za ardhi nchini Tanzania huishia na maneno mawili: "kwa gharama". Shauri limetupwa kwa gharama; rufaa imekubaliwa kwa gharama. Aliyeshinda huondoka akiamini kuwa kila shilingi aliyompa wakili wake itarudi mfukoni. Aliyeshindwa naye huingiwa na hofu kwamba atalipa kiasi chochote ambacho mwenzake ataamua kukitaja. Hakuna kati yao aliye sahihi, kwa sababu baada ya hukumu ipo hatua nyingine, nayo ndiyo ninayotaka iitwe ukadiriaji wa gharama.

Aliyepewa gharama huandaa hati inayoorodhesha madai yake: ada ya wakili kwa kupokea maelekezo na kuendesha shauri, mahudhurio, utayarishaji wa nyaraka, ada za mahakama, nauli. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, iliyotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 264, inampa siku 60 tangu alipopewa gharama kuiwasilisha. Katika Mahakama Kuu, kwa kawaida ni Naibu Msajili anayeipitia kipengele kwa kipengele, huku upande wa pili ukipewa nafasi ya kupinga. Hapa kinakubaliwa, pale kinapunguzwa, kingine kinafutwa kabisa.

Kwa Kiingereza hatua hii inabeba neno lilelile la kutoza kodi, na mfasiri asiyeijua mahakama anaweza kudhani Serikali inachukua sehemu ya fedha hizo. Hakuna kodi hapa. Neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini *taxare*, kupima thamani ya kitu, na sheria imeihifadhi maana hiyo ya zamani. Kwa hiyo tusitafsiri neno, tutafsiri kazi inayofanyika. Wapo watakaopenda "uhakiki", lakini kuhakiki ni kuthibitisha kwamba kitu ni cha kweli, ilhali Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwisha kueleza kwamba ada ya maelekezo haihitaji kuthibitishwa kwa risiti. Hupimwa kwa viwango vya kisheria na uzito wa shauri. "Tathmini" nayo ina tatizo kubwa zaidi katika kesi za ardhi. Huko kuna mthamini na uthamini, wenye sheria yao ya mwaka 2016, na msomaji ataelewa kuwa tunapima bei ya kiwanja. Kukadiria ni kufikia kiasi kinachofaa kwa busara na kwa kufuata kanuni, na hicho ndicho Naibu Msajili anachokifanya.

Tofauti hiyo kati ya thamani ya ardhi na ada ya wakili ndiyo kiini cha migogoro mingi ya gharama. Chukua mfano wa nyumba ya shilingi milioni 250. Je, wakili alipwe asilimia ya kiasi hicho? Kwa madai ya fedha zinazojulikana kiasi chake, mfano deni la mkopo, Amri ina viwango vya asilimia. Lakini mdai wa ardhi kwa kawaida haombi milioni 250. Anaomba itamkwe kuwa yeye ndiye mmiliki na mvamizi aondolewe. Thamani aliyoiandika kwenye hati ya madai mara nyingi imewekwa ili kuonyesha kwamba shauri limefunguliwa penye mamlaka, kwa kuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lina ukomo wa milioni 300 kwa mali isiyohamishika. Kuigeuza namba hiyo kuwa kipimo cha ada, kana kwamba ni deni, ni kumwadhibu mtu kwa kuwa bei za viwanja zimepanda.

Mahakama ya Rufani ya Kenya ililigusa suala hili katika shauri la Joreth dhidi ya Kigano, lililoripotiwa mwaka 2002. Thamani ya kinachogombewa itafutwe kwenye hati za madai, hukumu au makubaliano ya wadaawa. Isipopatikana humo, mkadiriaji atumie hiari yake, akiangalia aina na umuhimu wa shauri, masilahi ya wadaawa na jinsi kesi ilivyoendeshwa. Mimi naona njia hiyo ni ya haki. Inamzuia mshindi kwenda kutafuta ripoti ya mthamini baada ya hukumu, kwa ajili ya kukuza ada tu.

Nyuma yake kuna uamuzi mkongwe zaidi, wa Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, ulioripotiwa mwaka 1972, enzi za Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Unanukuliwa hadi leo Nairobi na Dar es Salaam. Ulisema gharama zisipande hadi mahakama zikabaki za matajiri. Mshindi arudishiwe kwa haki alichotumia. Malipo yaendelee kuwavutia watu kuingia kwenye uwakili. Na viwango vifanane kadiri inavyowezekana. La kwanza ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mjane anayetetea shamba la marehemu mumewe asiogope kwenda mahakamani kwa kuhofia bili ya wakili wa mpinzani wake.

Ada uliyokubaliana na wakili wako ni jambo jingine. Ukimlipa milioni 20 na mahakama ikakadiria milioni 6, mpinzani wako anadaiwa hizo 6 tu. Zinazozidi ni zako. Na anayetia chumvi hujiumiza: zaidi ya sehemu moja ya sita ya hati ikikataliwa, ukiacha ada za mahakama, anapoteza gharama za ukadiriaji wenyewe. Kwa hati ya milioni 12, mpaka ni milioni 2. Asiyeridhika, awe mshindi au mshindwa, ana siku 21 za kwenda kwa Jaji wa Mahakama Kuu, ambaye hatabadilisha kiasi kwa sababu tu yeye angetoa kingine. Ni lazima aoneshwe kwamba kanuni imekosewa, au kwamba kiasi kimepita mno au kimepungua mno.