Deus: Jina lililotunzwa na sala

Mwaka 1880, mjini Roma, vilipatikana vyungu vitatu vidogo vya udongo mweusi vilivyoshikamana, vimezungushiwa maandishi ya Kilatini cha kale sana. Herufi zimefuatana bila nafasi, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana juu ya maana ya sehemu kubwa ya maneno hayo. Mwanzo wake, hata hivyo, unasomeka: chungu chenyewe kinanena, kikisema kwamba anayekituma anaapa kwa miungu. Neno la “miungu” limeandikwa pale deivos. Maandishi hayo hukadiriwa kuwa ya karne ya 6 kabla ya Kristo.

Asili ya neno hilo ni anga na mwanga wa mchana. Dies, yaani siku, ni la ukoo huo, na vilevile Jupiter wa Warumi, Zeus wa Wagiriki na deva wa Kisanskriti. Theos, neno la Kigiriki la “mungu”, halimo, ingawa masikio yangelidhani ni ndugu wa karibu.

Baadaye matamshi yakalipasua deivos. Sauti ya w iliyokuwa katikati, iliyoandikwa v, ilidondoka ilipofuatwa na o, ikabaki katika maumbo ambamo ilifuatwa na i, hata neno moja likazaa mawili: deus na divus. La pili likaja kuwa cheo cha watawala waliotukuzwa baada ya kufa. Baraza la Seneti lilimtangaza Julius Caesar kuwa divus mwaka 42 kabla ya Kristo, na Augustus, mwanawe wa kupanga, akajiita mwana wa divus hata kwenye sarafu. Wakristo walipoanza kusali kwa Kilatini, walimwita Mungu wao Deus.

Sala hizo ndizo zilizoamua sura ya neno katika lugha zilizozaliwa na Kilatini. Kwa kawaida lugha hizo zilirithi majina katika umbo la mtendwa: deum likapoteza m yake ya mwisho, na Waitaliano wakapata Dio. Kwa Wahispania mambo yalikuwa tofauti. Dios lao limebaki na s ya mtenda, herufi iliyopotea karibu katika majina yote ya umoja ya lugha yao, isipokuwa machache kama Carlos na Marcos. Wareno nao wanasema Deus. Sababu haiko mbali: karne kwa karne, watu wasiojua kusoma walimsikia padri altareni akiita Deus, nao wakaitikia. Nalipenda sana jambo hili, kwamba waumini wa kawaida walihifadhi kwa kuitikia tu kile ambacho sarufi ilikuwa imekwisha kukiacha.

Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 waliondoka na Kihispania chao, lakini wao husema el Dio. Maelezo yanayotolewa tangu zamani ni kwamba s ya mwisho inasikika kama alama ya wingi, na Mungu ni mmoja.

Kwa Kifaransa ni Dieu. Ushahidi wa awali uko katika viapo vya Strasbourg vya tarehe 14 Februari 842, pale wajukuu wawili wa Charlemagne, Louis na Charles, walipoapa kusaidiana dhidi ya kaka yao. Louis aliapa kwa lugha ya askari wa Charles ili wamwelewe, na katika kiapo hicho kifupi Mungu ametajwa kwa maumbo mawili, Deo na Deus. Waromania wao walitenganisha: zeu ni mungu wa kipagani, na Mungu wa Wakristo ni Dumnezeu, neno linalounganisha “Bwana” na “Mungu”.

Afrika ina sehemu yake katika historia hii, na ni kubwa kuliko inavyotajwa. Tertullian wa Carthage, katika Tunisia ya leo, ni miongoni mwa waandishi wa kwanza wakubwa wa Kikristo kwa Kilatini. Augustino, mzaliwa wa Algeria ya leo, alimwita mwanawe Adeodatus, aliyetolewa na Mungu. Dieudonné wa Kongo na Burundi ana maana hiyohiyo. Katika siku za Augustino, Wakatoliki wa Afrika Kaskazini walisalimiana Deo gratias, “ashukuriwe Mungu”, na mahasimu wao Wadonati, Wakristo waliojitenga nao, walipiga kelele ya Deo laudes, “asifiwe Mungu”. Deo hilo ndilo umbo lenye maana ya “kwa Mungu”, na ndilo tunaloita leo Tanzania tunapomfupisha Deogratias.

Jina hilo lilikuwa na mwenyewe Carthage. Mwaka 455 Wavandali, waliokuwa wakiutawala mji huo, waliiteka Roma wakaleta huko mateka wengi kwa merikebu, wakigawana watu, mume huku na mke kule. Askofu Deogratias aliuza vyombo vya dhahabu na fedha vya kanisa akawakomboa. Nyumba hazikutosha, akafungua makanisa mawili makubwa, akayajaza vitanda na majani makavu, na ingawa alikuwa mzee dhaifu, usiku alipita kitanda kwa kitanda akiwauliza wagonjwa hali zao.