Njia ya Ngomo na Mawe Yake

Mtu wa Luberizi aendaye Bukavu hupita kwanza bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Hapo milima ya Ngomo humkabili. Ziwa Tanganyika liko kama meta 770 juu ya bahari, na ziwa Kivu kama 1,460.

Zamani watu walipanda kwa miguu, mizigo kichwani. Wakati wa Wabelgiji reli ilijengwa kutoka Uvira, lakini ilikoma Kamanyola, chini ya mlima. Mwaka 1958 ikafungwa. Kutoka hapo mizigo ilipandishwa kwa motokari, katika barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima.

Adui mkubwa wa njia kama hii ni maji. Mfereji ukiziba, mvua hula udongo, na ukingo huporomoka. Kwa hiyo waashi huweka mawe makubwa chini, huulaza ukuta kidogo kuelekea mlima, na kuacha matundu maji yatoke. Ukuta usiotoa maji hausimami.

Walioamuru barabara wana sifa yao. Waliobeba mawe, ni nani awajuaye? Azibuaye mfereji leo huendeleza kazi yao, tena huokoa watu, maana kando ya njia ni genge.