Umemejua nje ya gridi ya Taifa: kupasha joto, kupoza na kumwagilia bila kuitegemea betri kwa kila kazi

Mwananchi anayejenga au kulima mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika huanza, mara nyingi, kwa kuuliza ni betri ya ukubwa gani itamtosha. Swali hilo ni la haki, lakini huulizwa mapema mno. Kabla yake kuna swali jingine: je, kazi inayokusudiwa inahitaji umeme usiku, au inahitaji tu kile ambacho umeme ungekifanya mchana, yaani maji tangini, maji ya moto bombani na ubaridi ndani ya jokofu?

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua gharama. Betri ni sehemu ya mtambo wa umemejua inayochakaa mapema kuliko nyingine zote. Paneli nzuri huuzwa na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25, ilhali betri ya risasi na asidi ikitumiwa kila siku mara nyingi haivuki mwaka wa tano. Kila kazi inayoondolewa kwenye betri ni fedha ambayo mwenye nyumba hatalazimika kuitafuta tena baada ya miaka michache.

Makala haya yanatumia mfano wa kaya ya watu sita yenye kisima kirefu na bustani ya mboga ya nusu ekari. Hesabu zote ni kwa uniti, kipimo kile kile kinachosomwa kwenye mita ya LUKU: uniti moja ni kilowati moja iliyotumika kwa muda wa saa moja. Sehemu kubwa ya Tanzania hupokea kati ya uniti 4 na 7 za nguvu ya jua kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tukichukua uniti 5, paneli zenye jumla ya wati 1,000 zitatoa uniti 3.5 hadi 4 kwa siku baada ya upotevu unaotokana na joto, vumbi, nyaya na vifaa.

Maji ya bustani

Mboga zilizokomaa wakati wa kiangazi hupoteza takribani milimita 5 za maji kwa siku kupitia majani na udongo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni sawa na lita moja. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000, kwa hiyo bustani hiyo inahitaji lita 10,000 kwa siku, mradi maji yafike kwenye mizizi kwa njia ya matone. Anayemwagilia kwa mifereji ya udongo aongeze kiasi kikubwa, kwa kuwa maji mengi hupotelea njiani.

Tuseme maji yanainuliwa mita 40, kutoka kwenye usawa wa maji kisimani pampu ikiwa inafanya kazi hadi juu ya tangi. Ni muhimu kupima usawa huo wakati pampu inavuta, si asubuhi kisima kikiwa kimetulia, kwa sababu maji hushuka yanapovutwa na tofauti yaweza kuwa ya mita nyingi. Kuinua lita 10,000 kwa mita 40 kunahitaji uniti 1.1 tu kwa hesabu ya fizikia. Pampu na mota yake hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu, hivyo tuhesabu uniti 2.5. Paneli za wati 800 hadi 1,000 zinatosha.

Pampu hiyo haihitaji betri hata moja. Inaunganishwa na paneli kupitia kidhibiti chake, inaanza yenyewe jua linapopanda na kulala linapozama, na maji yanakaa kwenye matangi mawili ya lita 5,000 yaliyowekwa juu ya mnara au kwenye mwinuko. Jioni maji hushuka kwa uzito wake hadi kwenye mipira ya matone. Mgeni akitembelea nyumba yenye sola huonyeshwa betri na inveta. Hakuna anayemwonyesha tangi, ingawa tangi ndilo linalohifadhi kazi nyingi zaidi. Majira nayo husaidia: siku za mawingu mazito ya masika, pampu inapochoka, ndizo siku ambazo bustani haihitaji kumwagiliwa.

Hata hivyo, pampu ya jua ina hatari ambayo pampu ya dizeli haikuwa nayo kwa kiwango hicho. Dizeli ilimzuia mkulima kwa bei yake. Jua halidai chochote. Pampu huweza kuachwa ikivuta kutwa nzima, tangi likafurika, na kisima kikavutwa kupita uwezo wake wa kujijaza. Kwenye maeneo ya pwani uvutaji wa kupita kiasi huweza kuyaita maji ya bahari ndani ya tabaka la maji baridi, na kisima kikishaingiwa na chumvi si rahisi kukirudisha. Majirani wanaotegemea tabaka hilo hilo huumia pamoja na mwenye pampu. Kwa sababu hiyo, kabla ya kununua pampu kisima kifanyiwe upimaji wa uwezo wake, na pampu ichaguliwe kulingana na matokeo hayo, si kulingana na ukubwa wa shamba. Boya linalozima pampu tangi likijaa na kihisi kinachoizima maji yakipungua kisimani ni vifaa vya bei ndogo ambavyo havipaswi kuachwa.

Joto

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hufanyika. Kaya yetu inahitaji lita 150 za maji ya moto kwa siku. Kuyatoa nyuzi joto 18 na kuyafikisha 55 kunahitaji karibu uniti 6.5, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya nguvu iliyoinua maji ya bustani nzima. Anayefunga hita ya umeme ya kuogea kwenye mtambo mdogo wa sola anaona matokeo yake siku hiyo hiyo.

Njia iliyo sahihi ni kulipeleka jua kwenye maji moja kwa moja. Kikusanyio cha joto, kiwe cha bapa au cha mirija ya vioo, hugeuza takribani nusu ya nguvu ya jua kuwa maji ya moto, wakati paneli za kawaida za umeme hugeuza kama sehemu moja kati ya tano. Kikusanyio cha mita za mraba 2 hadi 3 kinafanya kazi ambayo ingehitaji karibu mita 10 za paneli, ukiacha betri. Tangi lake huwekwa juu ya kikusanyio, maji yaliyopata joto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka, hivyo hakuna pampu. Likifunikwa vizuri kwa sponji au pamba ya kuhifadhi joto, maji ya mchana yanafaa kuogea alfajiri.

Tahadhari tatu zinahusu vifaa hivi. Maji ya visima vingi vya kanda ya kati ni magumu na huacha ukoko wa chokaa ndani ya mabomba, hivyo tangi lichaguliwe lile linaloweza kufunguliwa na kusafishwa. Katika nyanda za juu ambako umande huganda alfajiri, mabomba ya kikusanyio cha bapa yanaweza kupasuka. Ulizia aina inayotenganisha maji ya kuzunguka na maji ya kutumia. Tatu, jua kali la mchana huweza kuyafikisha maji kwenye kiwango cha kuunguza ngozi ya mtoto, kwa hiyo vali ya usalama kwenye tangi na vali ya kuchanganya maji bafuni ni lazima.

Kupasha joto vyumba ni suala la Makete, Njombe, Mbeya au Lushoto zaidi kuliko la Dar es Salaam, na kwa umemejua si jambo la kushauri. Hita ya wati 2,000 ikiwashwa saa nne jioni inamaliza uniti 8, karibu sawa na maji ya bustani na maji ya kuoga kwa pamoja. Nyumba yenyewe ifanyiwe kazi hiyo: dari chini ya bati, milango isiyopitisha upepo, kuta nene za tofali, na madirisha makubwa upande wa kaskazini, ambako jua huelekea miezi ya Juni na Julai inapokuwa baridi kwetu.

Kuingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha kusihesabiwe kamwe kuwa njia mbadala. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayomuua mtu aliyelala bila yeye kusikia chochote. Kaya inayoona mtambo wake hauwezi hita isirudi huko.

Wafugaji wa kuku wanajua kwamba kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji nyuzi joto 32 hadi 35, na usiku ndio wenye shida. Taa moja ya joto ya wati 250 kwa saa 12 inakula uniti 3 kutoka kwenye betri. Boksi la kulelea lililofunikwa vizuri, lenye vyombo vya maji ya moto kutoka kwenye kikusanyio, hupunguza sana saa za kuwasha taa hiyo.

Ubaridi

Friji hufanya kazi usiku na mchana, lakini ubaridi nao huhifadhika. Friza yenye mlango wa juu na kuta nene haipotezi ubaridi kila inapofunguliwa, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hubaki chini. Ikigandisha chupa za maji kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, chupa hizo zitalinda chakula hadi kesho yake. Hili si jambo la kubahatisha: majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na jua bila betri, ambayo yamo katika orodha ya vifaa vinavyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani, hutumia barafu kwa namna hiyo hiyo.

Kwa mazao ya shambani yanayosubiri gari, mikoa mikavu kama Dodoma na Singida ina njia ya bei nafuu zaidi, nayo ni chumba chenye kuta mbili za wavu zilizojazwa mkaa unaolowanishwa. Maji yanapokauka kwenye mkaa hupoza hewa ya ndani. Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, ambako hewa imejaa unyevu, chumba hicho hakisaidii sana.

Kuhusu vyumba vya kulala, feni ya mota ya kisasa inayotumia wati 30 hivi ikizunguka saa 10 inatumia uniti 0.3. Kiyoyozi kidogo kwa usiku mmoja kinaweza kutumia uniti 4 au zaidi. Asiyeweza kukosa kiyoyozi akiwashe mchana, paneli zikiwa na nguvu ya ziada, na apoze chumba kabla ya jua kuzama. Kivuli cha miti upande wa magharibi, dari na bati lenye rangi nyeupe hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo bure, ila miti isije ikatia kivuli paneli. Kivuli juu ya sehemu ndogo ya paneli moja huweza kushusha uzalishaji wa safu nzima iliyounganishwa nayo.

Kinachobaki kwa betri

Baada ya kuondoa hayo yote, betri inabakiwa na taa, feni, simu, televisheni na friji kwa saa za usiku, jumla ya uniti 2 hivi. Betri ya risasi na asidi isitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, hivyo zinahitajika uniti 4 kwa usiku mmoja. Ya lithiamu ya aina ya fosfeti ya chuma huvumilia kutumiwa asilimia 80, hivyo uniti 2.5 zinatosha. Anayetaka akiba ya siku mbili za mawingu azidishe mara mbili. Inveta ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba mota ya friji, inapoanza, huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya ule ulioandikwa kwenye kibandiko chake.

Paneli zielekezwe kaskazini na kuinamishwa nyuzi 10 hadi 15, ili mvua izioshe, na ziachiwe nafasi ya kupita hewa chini yake kwa kuwa joto hupunguza uzalishaji. Kwa Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi, mfumo wa kupeleka umeme wa radi ardhini usichukuliwe kuwa wa hiari.

Vibali na mafundi

Matumizi ya maji ya kisima kwa umwagiliaji yanasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Vibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde ambalo shamba limo. Nchi ina mabonde tisa, na shamba lililo Dodoma laweza kuwa ndani ya Wami/Ruvu, Rufiji au Bonde la Kati kulingana na mahali lilipo. Mwombaji aulize kwanza ni bonde lipi, kwa sababu mipaka ya mabonde haifuati mipaka ya mikoa.

Ufungaji wa umeme ufanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na mwananchi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kulipa. Masuala ya ubora wa vifaa yanashughulikiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Risiti na cheti cha dhamana vitunzwe pamoja na maandishi ya fundi yanayoonyesha ukubwa wa paneli, kina cha pampu na matokeo ya upimaji wa kisima, kwani fundi atakayekuja miaka mitano baadaye kubadilisha betri huenda asiwe yule aliyefunga mtambo.