Mayai ya kuku, mate ya panya na akina Cohen wawili

Ndugu wasomaji, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka kuwasimulia historia ya kichupa.

Fungua friji ya maabara kubwa ya baiolojia utavikuta: vichupa vidogo vyenye unga mweupe kidogo sana. Huo unga ni protini zinazoziambia seli zikue, zigawanyike au zisife. Tuziite vichochezi vya ukuaji. Seli nyingi zikitolewa mwilini zikakosa vichochezi hivyo, hufa. Siku hizi mtafiti anaagiza tu, analetewa. Lakini vilianzia wapi?

Vilianzia chumba cha kulala. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za kuwafukuza Wayahudi vyuoni. Rita Levi-Montalcini, daktari kijana wa mji wa Torino, Italia, akajikuta nje. Basi akageuza chumba chake kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea zikawa visu vya upasuaji, akaanza kuchunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ambao bado wako ndani ya yai. Mabomu yalipozidi, familia ikakimbilia shamba. Huko akawa anazunguka kwa wakulima kuomba mayai, akisingizia ni ya watoto wake. Watoto wenyewe hakuwa nao!

Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani, kwa mwaliko wa Viktor Hamburger, mwanasayansi aliyepoteza kazi Ujerumani kwa sababu hiyo hiyo ya Uyahudi. Mwaka 1952, akiwa Rio de Janeiro kwenye maabara ya rafiki yake, aliweka kipande cha uvimbe wa panya karibu na seli za fahamu za kifaranga. Nyuzi zikachomoza pande zote kama miale ya jua. Uvimbe ule ulikuwa unatoa kitu. Kitu gani?

Hapo anaingia Stanley Cohen, mkemia. Alitia sumu ya nyoka kwenye majimaji ya uvimbe ili kuvunjavunja baadhi ya kemikali zilizomo. Ajabu, ile sumu yenyewe ikaonekana ina kichochezi kingi kuliko uvimbe! Cohen akajiuliza: sumu ya nyoka hutoka kwenye tezi zinazofanana na za mate, je, mate ya panya? Akakuta tezi za mate za panya dume zimejaa. Baadaye, akichoma watoto wa panya majimaji ya tezi hizo, aliona wanafumbua macho mapema kuliko kawaida. Hicho kilikuwa kichochezi cha pili, cha seli za ngozi.

Tatizo likabaki moja: kupata protini kidogo tu ulihitaji kuchinja panya wengi. Na ya panya si ya binadamu.

Sasa waandishi wenzangu, shikeni kalamu vizuri, maana hapa nami niliteleza. Mwaka 1973 Stanley Cohen na Herbert Boyer walionyesha jinsi ya kukata jeni, kuiunganisha na DNA nyingine na kuipandikiza kwenye bakteria. Huyu ni Stanley N. Cohen wa Stanford, mtu mwingine kabisa! Majina yamegongana tu. Kwa njia hiyo bakteria akawa kiwanda: unampa jeni ya binadamu, anakutengenezea protini ya binadamu. Ndizo zinaitwa protini rikombinanti. Jeni ya binadamu ya kichochezi cha Rita ilipatikana mwaka 1983, na panya wakapumua.

Mwaka 1986 Rita na Cohen wa kwanza walipewa Tuzo ya Nobel. Hamburger aliachwa, na ubishi juu ya hilo haujaisha. Rita alifariki mwaka 2012 akiwa na miaka 103. Mwaka 2017 Ulaya iliidhinisha dawa ya matone ya macho yenye kichochezi chake, kilichotengenezwa na bakteria, kwa wagonjwa ambao macho yao yamepoteza hisia na kupata vidonda.

Kinachonikera ni hiki: sheria ya 1938 iliandikwa na watu walioamini wanalinda taifa lao. Wangefanikiwa kabisa, dawa ile pengine isingekuwepo. Ni akina Rita wangapi wamefungiwa nje leo, na hawana hata chumba cha kujifungia na sindano zao?

Tafakari, ndugu yangu. Tukutane tena.