Upepo wa Tairi na Roho 261

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani furaha ya kumngojea haji anayerudi ni furaha kubwa. Mikeka hutandikwa, jamaa hukusanyika, na watoto hutazama juu kila wasikiapo ndege. Basi fikiri hali ya jamaa waliokuwa wakiwangojea mahujaji wao Sokoto, kaskazini ya Nigeria, siku ya Alkhamisi, tarehe 11 Julai 1991.

Asubuhi ya siku hiyo ndege aina ya DC-8 iliondoka Jidda ikiwa na abiria 247 na wafanyakazi 14. Iliendeshwa na kampuni ya Nationair ya Kanada kwa niaba ya Shirika la Ndege la Nigeria. Ilipokuwa ikikimbia ili iruke, tairi moja lilipasuka, kisha la pili yake. Gurudumu likakwama, likasuguana na ardhi mpaka likawaka moto. Marubani walihisi kuna kasoro, lakini hawakujua kuwa ni moto. Ndege iliporuka wakakunja magurudumu kama ilivyo desturi, na moto ukaingia nao tumboni mwa ndege. Dakika chache baadaye mambo yakaanza kuharibika moja baada ya moja. Wakageuza kurudi Jidda, lakini wakaanguka wakiwa wamebakisha chini ya kilomita 3 kuufikia uwanja. Hakupona hata mmoja.

Sasa usikie chanzo chake. Wachunguzi waligundua kuwa baadhi ya matairi yalikuwa na upepo pungufu. Tairi la namna hiyo hujikunja kila linapozunguka, na kujikunja huko huzaa joto. Na mzigo ambao haliwezi kuubeba humwelemea mwenziwe wa pembeni. Ndege nzito iliyojaa watu na mafuta ikaenda mwendo mrefu juu ya matairi hayo kabla hata ya kuanza kuruka.

Na jambo hili halikuwa la siri. Fundi mkuu alilijua tangu siku kadhaa kabla. Matairi ya ndege hujazwa naitrojeni, na naitrojeni haikuwa karibu. Kuitafuta kungechelewesha safari, na tayari walikuwa wamechelewa. Msimamizi wa safari, ambaye hakuwa na ujuzi wa kuamua jambo hilo, akaona ndege iende tu. Ikaenda.

Najua wako watakaosema: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu." Naam, ajali ni yake Mola, nasi tunawaombea rehema mahujaji wale. Lakini kuamini kadari si kumpa mzembe pazia la kujifichia. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimfundisha amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Na wazee wetu wa majahazi walimcha Mungu sana, wala hawakutweka tanga kabla chombo hakijakalafatiwa.

Tazama, ewe msomaji, kwamba hapana aliyekusudia kuua. Mmoja alijua akanyamaza, au alisema kisha akakubali kushindwa. Mwingine hakujua, naye akaamua. Baina ya kimya cha mjuzi na amri ya asiyejua, wakapotea watu 261.

Labda wewe si fundi wa ndege. Lakini huenda wewe ni dereva unayejua breki zako zimelegea, au nahodha wa mashua inayovuja, au tajiri unayemwambia kuli, "Pakia tu, tumechelewa." Kazi uliyokabidhiwa ni amana, na mwenye amana ni yule abiria anayepanda akisoma dua yake, asiyeweza kuona kilicho chini ya miguu yake. Yeye amekuamini. Kuchelewa huombewa radhi, na wanaongoja nyumbani watasamehe. Ama roho iliyokwisha toka, utaiombea radhi kwa nani?

Wabillahi tawfiq.