Kitenzi cha Wenye Mamlaka: Kuhukumu katika Historia ya Pwani

Kadhi hakadhi, kadhi anahukumu. Mzizi wa Kiarabu uliompa jina lake umetapakaa katika lugha yetu: tunakidhi haja za watoto, tunalipa kadha ya funga iliyotupita, tunajiliwaza kwa kadha wa kadari. Ila kazi yenyewe ya kadhi, ile inayomketisha kitini watu wakamsikiliza, wapwani waliipa kitenzi cha ukoo mwingine. Walichukua hukumu, na pamoja nayo wakapata hakimu, mahakama na hekima. Undugu wa hukumu na hekima huwapendeza sana wenye kofia za mahakama. Mimi naona undugu wake na amri una nguvu zaidi, na historia ya pwani yaelekea kuniunga mkono.

Si kwamba Kiswahili kilikuwa hakina maneno ya kazi hiyo. Kuamua ni kitenzi cha Kibantu, na maana yake ya kwanza ni ya mikono kabla ya kuwa ya akili: wawili wanapigana, wa tatu anaingia kati na kuwatenganisha. Ndugu zake wamo katika lugha nyingi za ukanda huu. Kiganda kina kulamula, na jaji kule Uganda huitwa omulamuzi hadi leo. Kisha tuna kukata. Mswahili hukata shauri na hukata rufaa, kama Mnyarwanda naye anavyosema guca urubanza, yaani kukata kesi, na jaji wake ni umucamanza. Kwa hiyo jirani zetu waliyapandisha maneno ya nyumbani hadi mahakama za juu. Sisi mwamuzi tumemwacha uwanjani na filimbi mdomoni, ingawa waliotafsiri Biblia walimkumbuka na kukiita kitabu kizima Waamuzi.

Kwa nini basi hukumu ikapanda kiti? Tazama jinsi haki ilivyokuwa ikigawanywa katika miji ya pwani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alikuta utaratibu uliopangwa barabara. Baada ya watu kula, sultani aliingia ndani, kadhi akaketi pamoja na mawaziri, katibu wa sultani na maamiri wakubwa wanne kusikiliza mashtaka. Jambo la sharia lilikuwa la kadhi. Mengine yaliamuliwa na wale wa baraza. Likitokea suala linalohitaji rai ya sultani, waliliandika na kumpelekea, naye akaandika jibu lake nyuma ya karatasi ileile. Utaratibu huo unaonyesha kwamba kadhi alikuwa na mpaka wake, na mpaka huo aliuweka mtawala. Kauli ya kadhi ilikuwa na nguvu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mkono wa kuitekeleza. Mzee anayeamua ugomvi wa shamba hutegemea heshima yake na aibu ya wagomvi. Anayehukumu hategemei aibu ya mtu.

Busaidi, masultani wa Omani, walipohamishia makao yao Unguja katika karne ya 19, mambo yakawa na sura mbili. Watawala walikuwa Waibadhi, raia wengi Washafii, na makadhi wa madhehebu yote mawili wakateuliwa. Miongoni mwao alikuwamo Sheikh Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki mwaka 1925, mwanachuoni ambaye sifa yake ilivuka bahari. Elimu yake ilikuwa yake mwenyewe, lakini kiti kilikuwa cha sultani. Mwambao na bara iliyo karibu nao ulikuwa na maliwali waliosikiliza kesi kwa niaba ya Unguja, na kwa mtu wa kawaida tofauti kati ya kutawala na kuhukumu haikuwa kubwa. Aliyetoza ushuru ndiye aliyesikiliza mashtaka.

Wadachi walipoingia Tanganyika hawakuleta neno jipya. Walichukua shauri, neno la kushauriana, wakaliingiza bomani. Hapo ndipo lilipogeuka. Shauri la bomani lilikuwa kikao cha ofisa wa Kijerumani kusikiliza kesi za wenyeji, na ofisa huyo watu wakamwita Bwana Shauri, jina lililorithiwa na Bwana DC wa Kiingereza. Ofisa mmoja aliandika kodi, akaendesha askari, akasikiliza kesi na kutoa adhabu. Kanuni ya mwaka 1896 iliruhusu kiboko na kuweka kikomo cha viboko 25 kwa mkupuo mmoja, na ndiyo asili ya hamsa ishirini inayosimuliwa hadi leo na wazee wa Tanganyika ambao wenyewe hawakuiona. Nadhani ni katika miaka hiyo hukumu iliposogea kabisa upande wa adhabu katika masikio ya watu. Mtu aliyefika bomani kwa shauri aliweza kutoka na mgongo uliochanika, na aliyeulizwa kapata nini alijibu kahukumiwa.

Ukitaka kuona maana pana zaidi ya kitenzi hiki, nenda mahakama ya kadhi. Mwaka 1895 Waingereza walikubaliana na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya, na makadhi wakabaki. Mwaka 1963, Kenya ikikaribia uhuru, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, waliandikiana kwamba mahakama hizo zitalindwa. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja katika ibara ya 169 na 170, na kuzipa ndoa, talaka, mirathi na hali binafsi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nazo. Katika kiti cha Kadhi Mkuu waliketi watu wa kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa ameanzisha gazeti la Al-Islah huko Mombasa mwaka 1932, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy aliifasiri Qurani kwa Kiswahili. Hukumu katika kiti hicho haina pingu. Mjane mwenye watoto hutoka na thumni yake, ndugu wakatoka na mafungu yao, na wote wamehukumiwa bila hata mmoja kuwa na hatia.

Tanganyika ilikwenda njia nyingine. Baada ya uhuru, mahakama za kienyeji na za makadhi ziliondolewa kama vyombo vya pekee, na sheria ya mahakama za mahakimu ya 1963 ikaweka mfumo mmoja ambao chini yake kuna Mahakama ya Mwanzo. Zanzibar makadhi wamo hadi leo. Katika Mahakama ya Mwanzo, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi na hakimu aliketi na wazee wa baraza, ambao kwa miaka mingi walikuwa na kura kama yake. Ule uamuzi wa wazee ukawa umeingizwa ndani ya hukumu ya serikali. Juu ya ngazi mambo yalibadilika lugha na cheo. Anayehukumu Mahakama Kuu ni jaji, neno la Kiingereza, na hakimu ni wa ngazi za chini. Mwenye neno la asili ya hukumu akawa mdogo wa mwenye neno la mkoloni.

Januari 2021 Jaji Zepharine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, aliandika hukumu kwa Kiswahili. Siku ya Sheria, tarehe 1 Februari, Rais Magufuli alimsifu hadharani na kumpandisha hadi Mahakama ya Rufani, na mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki pale haki inapokihitaji. Waliodhani msamiati utapungua hawakuwa wamesikiliza makarani wa Mahakama ya Mwanzo. Hao walikwishazoea kutofautisha hukumu inayomaliza kesi na uamuzi mdogo unaotolewa kesi ikiendelea. Walikuwa na hukumu ya upande mmoja, wakatengua hukumu, wakapokea maombi ya kukazia hukumu pale mdaiwa anapokaidi, na dalali wa mahakama akatumwa.

Kinacholegalega ni upande wa magazeti. Mahakamani mtu hutiwa hatiani kwanza, huachiwa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, kisha adhabu hutajwa. Aliyeachiwa huru naye amesomewa hukumu. Gazetini, mhariri humhukumu yule tu anayekwenda jela, na mwenzake aliyeshinda kesi hukosa kitenzi, akaandikiwa kwamba ameponea.