Parsele moja, wapangaji wengi: namna ya kugawanya Raspberry Pi kwa mashini nyingi

Katika redio nyingi za jamii huku kwetu mashariki, ordinatere moja ndiyo inabeba kila kitu: vipindi, muziki, matangazo ya biashara na matangazo ya misiba. Niliwahi kufanya kazi kwenye studio ya namna hiyo. Siku moja, saa kumi alasiri, mwenzetu aliweka programu mupya ya kukata sauti. Mashini ikazimika, ikawaka tena, ekra ikabaki nyeusi. Ndani yake kulikuwa tangazo la musiba la familia moja, na mazishi yalikuwa kesho yake asubuhi. Ilibidi kijana apande pikipiki, aende kwenye kilio kuandika tangazo upya.

Kuko njia ya kuzuia jambo kama hilo bila kununua ordinatere tatu. Mafundi wanaiita virtualizasio.

Ni kitu gani?

Fikiria parsele moja yenye nyumba za kupangisha. Kila mupangaji ana mulango wake na funguo yake. Mupangaji mumoja akivunja kiti chake, jirani hajui. Mwenye parsele ndiye anagawanya maji na umeme.

Virtualizasio ni vile vile. Ordinatere moja inagawanywa vyumba, na kila chumba kinajiona kuwa ordinatere kamili. Mwenye parsele ni programu mbili za bure: KVM, iliyo ndani ya Linux tangu mwaka 2007, na QEMU, iliyoanzishwa na Mufaransa Fabrice Bellard.

Kwa nini Raspberry Pi?

Raspberry Pi ni ordinatere ya kibao kimoja, ukubwa wake karibu na karte ya benki. Ilibuniwa Cambridge, Uingereza, na ya kwanza ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Aina ya Raspberry Pi 4 inaomba umeme wa volti 5 na ampea 3, maana yake wati 15 tu. Kwa mutu anayeishi na sola na batri, hesabu hiyo inaeleweka haraka.

Kwa kazi hii chukua Raspberry Pi 4 ao 5. Memori ya GB 4 inatosha kwa vyumba viwili vidogo. GB 8 ni nzuri zaidi. Weka Raspberry Pi OS ya biti 64, ile ya biti 32 uiache.

Namna ya kuanza

Kwanza angalia kama mashini iko tayari. Andika:

uname -m
ls /dev/kvm

Amri ya kwanza ijibu aarch64. Ya pili ijibu /dev/kvm. Ikisema faili haiko, usiendelee. Rudia kuweka mufumo wa biti 64.

Kisha weka programu zenyewe. Hapa intaneti inahitajika, basi panga mega zako mapema:

sudo apt update
sudo apt install qemu-system-arm qemu-utils qemu-efi-aarch64 libvirt-daemon-system dnsmasq-base virtinst

Washa mutandao wa ndani, na uombe ujiwashe kila mara:

sudo virsh net-start default
sudo virsh net-autostart default

Amri ya kwanza ikisema mutandao umeshawaka, ni sawa, endelea.

Pakua Debian ya arm64, uipe jina fupi debian-arm64.iso, uiweke ndani ya /var/lib/libvirt/images. Sasa jenga chumba cha kwanza (andika yote kwa mustari mumoja):

sudo virt-install --name kipindi --memory 1024 --vcpus 1 --disk size=10 --cdrom /var/lib/libvirt/images/debian-arm64.iso --osinfo detect=on,require=off --graphics none

Hiyo inapatia chumba memori ya GB 1, kiini kimoja cha prosesa kati ya 4, na nafasi ya GB 10. Maulizo ya Debian yatatokea kwa maandishi. Jibu moja moja. Ukitaka kutoka ndani ya chumba bila kukizima, finya Ctrl pamoja na ].

Kuona vyumba vyote: sudo virsh list --all. Chumba kijiwashe chenyewe umeme ukirudi: sudo virsh autostart kipindi.

Kugawanya vizuri

Kwa redio ndogo, chumba kimoja kichunge faili za vipindi. Cha pili kiwe cha majaribio: programu yoyote mupya ianzie huko. Ikiharibu, unafuta chumba, unajenga kingine, na matangazo ya jioni yanaendelea. Kwenye masomo, chumba kinaweza kubeba Kiwix, programu inayosomesha Wikipedia bila intaneti.

Ila uangalie: kwa mutandao huu wa kawaida, chumba kinaweza kutoka nje, lakini telefone za watu haziwezi kuingia ndani. Ili wanafunzi wasome Kiwix, fundi atengeneze daraja la mutandao juu ya kebo, maana juu ya wifi daraja hilo linasumbua sana.

Usipatie wapangaji memori yote. Mwenye parsele naye anahitaji yake, karibu GB 1 ao zaidi.

Mambo isiyoweza

Prosesa ya Raspberry Pi ni ya aina ya ARM. Programu za Windows za ordinatere za kawaida hazitatembea kwa KVM hii. VirtualBox, ambayo wengi wanaijua, nayo haiingii humo.

Na tusidanganyane: vyumba vingi, paa ni moja. Umeme ukikatika gafula, vyote vinazimika pamoja. Karte SD inachoka haraka ikiandikwa usiku na muchana, tena kukatika kwa umeme kunaweza kuiharibu. Weka vyumba kwenye diski SSD ya USB, na batri katikati ya mashini na umeme. Raspberry Pi 4 haina saa yake yenyewe yenye batri: umeme ukirudi bila intaneti, hakikisha saa kabla ya kuachia vipindi.

Kila juma, zima chumba kwa sudo virsh shutdown kipindi, ungojee kizimike kabisa, kisha nakili kwenye diski nyingine faili kipindi.qcow2 iliyo ndani ya /var/lib/libvirt/images, na ile yake iliyo ndani ya /var/lib/libvirt/qemu/nvram. Ongeza na maelezo ya chumba:

sudo virsh dumpxml kipindi > kipindi.xml

Diski hiyo usiiache juu ya meza ya studio. Ichungwe nyumba nyingine. Mwizi ao moto wakipita, parsele inaweza kupotea, lakini wapangaji wako watapata pa kuhamia.